Ben Shelton: miezi kumi na sita kutoka ubingwa wa vyuo hadi nusu fainali ya US Open

Tarehe 23 Agosti 2022 Ben Shelton alitangaza kwamba anaacha kuichezea timu ya Chuo Kikuu cha Florida na anakuwa mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Alikuwa na miaka 19, amemaliza mwaka wa pili tu chuoni, na US Open ilikuwa imebakiza siku chache kuanza. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mashindano hayohayo, alikuwa anacheza nusu fainali dhidi ya Novak Djokovic.

Wengi husimulia habari hii kama ya kijana mwenye mkono wa chuma aliyezuka ghafla. Nikizipanga tarehe zake moja baada ya nyingine naona jambo lingine. Karibu kila mara Shelton alipanda ngazi baada ya kuthibitisha kwamba ngazi aliyosimama ameshaimaliza. Mara moja tu alijikuta mahali ambako hakuwa amejiandaa, na mara hiyo moja ilimgharimu miezi mingi. Tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nikichambue kisa chake, maana vijana wengi wenye vipaji hupotea katikati ya chuo na tenisi ya kulipwa, na mara nyingi hupotea kwa sababu ya muda, wala si kwa kukosa uwezo wa kucheza.

Nyumba iliyoijua kazi

Baba yake, Bryan Shelton, ni mzaliwa wa Huntsville, Alabama. Alicheza tenisi ya chuo Georgia Tech, kisha akacheza ya kulipwa na kufika nafasi ya 55 duniani. Alichukua taji la Newport mwaka 1991 na 1992. Mwaka 1994 aliingia Wimbledon kupitia mechi za mchujo, na katika raundi ya kwanza akamtoa Michael Stich, aliyekuwa amepangwa wa pili kwa ubora na aliyewahi kuwa bingwa hapo mwaka 1991. Bryan alifika raundi ya nne. Alipostaafu akawa kocha: timu ya wanawake ya Georgia Tech ikachukua ubingwa wa vyuo mwaka 2007, na baadaye akahamia Florida kuwafundisha wanaume. Upande wa mama nako mjomba wa Ben, Todd Witsken, alikuwa mchezaji wa kulipwa.

Kwa hiyo nyumba hii ilijua kila kitu kuhusu maisha ya kuhama hoteli hadi hoteli. Ungetarajia watu kama hao wamsukume mtoto mapema. Walifanya kinyume chake. Mpaka anakaribia miaka 12 Ben alikuwa anapenda zaidi futiboli ya Kimarekani, na alicheza nafasi ya kwotabeki, yule anayerusha mpira. (Ukiutazama mkono wake wa kushoto anapoanzisha mpira, bega linavyozunguka na kiwiko kinavyopanda, unaona wazi kwamba miaka ile haikupotea.) Alipoigeukia tenisi kwa dhati, wenzake wa rika lake walikuwa tayari wanaruka kwenda Ulaya na Amerika Kusini kutafuta pointi za vijana. Yeye alibaki Gainesville, mji wa Chuo Kikuu cha Florida, akasoma shule ya kawaida ya sekondari, akacheza mashindano ya ndani ya Marekani. Hakuwahi kutoka nje ya nchi yake mpaka Januari 2023, alipokwenda Australia.

Mzazi asiyeujua mchezo huu angeogopa kwamba mtoto anaachwa nyuma. Bryan hakuogopa, nami naamini ni kwa sababu alijua hesabu zake. Marekani ina viwanja na wapinzani wa kutosha kumpima mtoto wa miaka 15 bila kumpandisha ndege. Safari za mbali zinakula fedha za wazazi na masomo ya mtoto, na nyingi hurudi na pointi ambazo akifikisha miaka 20 hakuna anayezikumbuka.

Chuo kilimpa nini

Hapa inabidi nieleze kwa utulivu, kwa sababu wasomaji wengi wa kwetu tunaijua tenisi ya Wimbledon tu, na tenisi ya vyuo vya Marekani ina sura yake. Timu mbili zinapokutana, huanza na mechi tatu za wawiliwawili, na zote kwa pamoja zina thamani ya pointi moja. Halafu zinafuata mechi sita za mmojammoja, zikichezwa viwanja vya jirani kwa wakati mmoja, kila moja pointi yake. Timu inayofikisha pointi nne inashinda. Gemu ikifika 40 kwa 40 hakuna kuvutana: inachezwa pointi moja tu na inaamua gemu.

Fikiria maana yake kwa kijana. Katika mashindano ya kawaida ukishindwa umeshindwa wewe. Chuoni ubao ukisoma tatu kwa tatu, mechi za viwanja vingine zikamalizika, wachezaji wote na mashabiki wote huhamia kwenye uwanja wako. Wanapiga kelele hata katikati ya pointi. Wenzako watano wa timu wameshafanya kazi yao na sasa wamekaa pembeni wakikutazama.

Shelton aliyapitia hayo akiwa mwaka wa kwanza. Mei 2021, huko Orlando, Florida ilikutana na Baylor katika fainali ya NCAA, yaani ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani. Yeye alikuwa amepangwa chini katika orodha ya timu, kwa kuwa wapo waliomzidi uzoefu. Ushindi wake ndio ulioleta pointi ya mwisho, na Florida ikawa bingwa. Kwa taji hilo baba yake akawa kocha wa kwanza kushinda ubingwa wa timu wa tenisi ya vyuo ya daraja la kwanza kwa wanawake na kwa wanaume.

Mwaka uliofuata akawa mchezaji namba moja wa timu. Mei 2022, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Illinois, akachukua ubingwa wa NCAA wa mmojammoja. Ukumbuke kwamba mwanzoni mwa mwaka huo jina lake lilikuwa nje ya nafasi 500 za kwanza duniani.

Kuna jambo la fedha ambalo watu huliruka. Kijana wa umri huo anayezunguka mashindano madogo hulipa nauli, chumba, chakula na nyuzi za raketi, na kama ana kocha, humlipa yeye pia. Mwenzake wa chuo anapata viwanja, mazoezi ya viungo, mtaalamu wa tiba, kocha na usafiri, vyote juu ya chuo. Ufadhili wa masomo wenyewe haukuwa mwingi: kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa kugawana ufadhili kamili 4.5 tu, wakati ya wanawake ilikuwa na 8. Hata hivyo, kwa mchezaji ambaye mwili wake bado unakua, miaka miwili ya kupiga mpira kila siku bila kuhesabu bili ni neema kubwa.

Majaribio kabla ya kuamua

Sehemu hii ndiyo ninayoiheshimu zaidi katika kisa chote. Baada ya ubingwa wa Mei, Shelton hakukimbilia kutangaza lolote. Alicheza majira ya joto ya 2022 akiwa bado mchezaji wa ridhaa, jambo lililomaanisha kwamba kanuni za chuo zilimbana kuhusu fedha za zawadi, lakini mlango wa kurudi Gainesville ulibaki wazi.

Julai waandaaji wa mashindano ya Atlanta walimpa waildikadi, yaani nafasi ambayo mchezaji hupewa ingawa kiwango chake hakimruhusu kuingia. Alishinda mechi moja, kisha akatolewa na John Isner baada ya seti tatu. Agosti akapewa nyingine Cincinnati, mashindano ya Masters 1000, ngazi iliyo chini tu ya mashindano makubwa manne ya tenisi. Alimtoa Lorenzo Sonego. Halafu akamfunga Casper Ruud 6-3, 6-3. Ruud wakati huo alikuwa wa tano duniani, na miezi miwili tu nyuma alikuwa amecheza fainali ya Roland Garros, shindano kubwa la Ufaransa. Raundi iliyofuata Cameron Norrie akamshinda Shelton bila kutoa jasho. Siku chache baadaye likatoka tangazo. Kwenye US Open, mechi yake ya kwanza kubwa kama mchezaji wa kulipwa, alishindwa na Mreno Nuno Borges katika seti tano.

Sasa tazama majina ya waliomshinda. Isner alicheza miaka minne Chuo Kikuu cha Georgia. Norrie alitokea Texas Christian. Borges alitokea Mississippi State. Vikwazo vyake vitatu vikubwa vya msimu ule vyote viliwekwa na watu waliopita njia ileile ya chuo, wakakawia kuiva, wakaiva kweli. Kwa kijana mwenye mashaka kama miaka ya chuo humchelewesha mtu, hilo ni somo lililosimama upande wa pili wa wavu na raketi mkononi.

Uamuzi wenyewe, kwa maoni yangu, ulikuwa sahihi kwa sababu mbili zilizokutana. Chuoni alikuwa ameshachukua mataji mawili makubwa, la timu na la mmojammoja. Na mechi dhidi ya Ruud ilionyesha kwamba sevu yake, yaani mpira wake wa kuanzia, inamsumbua hata mchezaji wa tano bora. Kama ingekuwepo sababu moja bila nyingine, ningesema abaki. Bingwa wa vyuo ambaye hajawahi kumtingisha mtu wa mia bora bado ana kazi ya kufanya chuoni. Masomo hakuyaacha, aliendelea kwa mtandao.

Novemba ya mataji matatu

Watu hukumbuka Melbourne, yaani Australian Open, na New York, yaani US Open. Mimi ningemwelekeza mtu yeyote anayetaka kuelewa kisa hiki aanze na Novemba 2022. Shelton alirudi kwenye mashindano ya Challenger, daraja lililo chini ya ziara kuu ya ATP, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanaume, ambako watazamaji ni wachache na zawadi ni ndogo. Akachagua mashindano ya nyumbani, yanayochezwa ndani ya majengo kwenye uwanja mgumu, ambako hakuna upepo wa kuivuruga sevu: Charlottesville, Knoxville na Champaign. Yote matatu yapo katika miji ya vyuo vikuu. Aliyashinda yote katika wiki tatu mfululizo, na la mwisho alilichukulia kule kule Illinois alikokuwa bingwa wa NCAA mwezi Mei.

Wiki hizo tatu zilimwingiza kwenye mia bora, na mia bora ndiyo inayobadilisha maisha ya mchezaji wa tenisi. Ukiwa humo unaingia moja kwa moja kwenye droo ya mashindano makubwa manne, bila mchujo na bila kumwomba mtu waildikadi. Ukishindwa raundi ya kwanza bado unaondoka na fedha ya kukuendesha miezi kadhaa.

Kwa hiyo Januari 2023 alipanda ndege kwenda Melbourne kwa haki yake mwenyewe, akiwa na pasipoti mpya. Raundi ya kwanza nusura imtoe: Zhang Zhizhen wa China alimpeleka seti tano, na ya tano ikaamuliwa kwa taibreki, yaani gemu maalumu ya kuamua seti. Angeshindwa pale pengine mwaka wake wote ungekwenda njia nyingine. Alishinda, akamtoa Nicolas Jarry, akamtoa Alexei Popyrin, akamtoa J.J. Wolf katika seti tano nyingine. Wolf naye alikuwa zao la chuo, Ohio State. Robo fainali Tommy Paul alimzuia kwa seti nne. Zawadi ya robo fainali ilikuwa dola 555,250 za Australia, na kwenye orodha ya dunia aliruka kutoka nafasi ya 89 hadi ndani ya 50 bora. Machi akasaini na kampuni ya viatu na mavazi ya On, wakati mmoja na Iga Świątek, nyota wa tenisi wa Poland.

Miezi ambayo hakuna aliyeipigia makofi

Baada ya Melbourne, mpaka US Open ilipofika, Shelton hakushinda mechi mbili mfululizo katika shindano lolote la ngazi ya juu ya ATP. Miezi saba. Alikuwa anashinda moja, anatolewa. Wiki nyingine anatolewa mapema zaidi.

Sababu yake ipo wazi. Nafasi yake mpya ilimpeleka moja kwa moja kwenye udongo mwekundu wa Ulaya, na kijana huyu hakuwahi kukanyaga Ulaya. Kwenye udongo mpira hupungua kasi na kuruka juu. Sevu ambayo Knoxville ilikuwa inapita bila kuguswa, huku inarudi, na baada ya kurudi inabidi ujenge pointi kwa mipira sita, saba, minane, huku ukiteleza kwa miguu. Kuteleza huko wenzake wa Hispania, Argentina na Italia walijifunza wakiwa watoto. Roland Garros alitolewa raundi ya kwanza na Sonego, yuleyule ambaye Shelton alimfunga Cincinnati mwaka uliotangulia. Uwanja ulipobadilika, matokeo nayo yakageuka. Kwenye nyasi za Wimbledon aliishia raundi ya pili.

Hapa ndipo malipo ya malezi ya Gainesville yalipodaiwa. Siwezi kumsifia Bryan kwa kumweka mtoto nyumbani halafu nifumbe macho kwa hili. Kama angepelekwa kwenye udongo hata mara mbili akiwa na miaka 16 au 17, msimu wa 2023 usingekuwa mkavu kiasi kile. Bado nadhani alichopata nyumbani kilizidi alichokosa, lakini alichokosa kilikuwa kitu halisi, na kilionekana mbele ya dunia nzima.

Juni 2023 likaja badiliko kubwa. Bryan alijiuzulu ukocha wa Florida, kazi aliyoifanya zaidi ya miaka kumi, ili amfundishe mwanawe muda wote. Ben aliachana na Dean Goldfine, kocha mzoefu aliyekuwa akisafiri naye. Mzazi kuwa kocha ni jambo la hatari katika tenisi; mifano ya familia zilizovunjika ipo mingi. Kilichonipa moyo kwao ni kwamba uhusiano wa kocha na mchezaji walikuwa wameshauishi chuoni, mbele ya wachezaji wengine na chini ya kanuni za timu. Ben alishazoea kusikia ukali wa kocha uwanjani na sauti ya baba nyumbani.

New York

US Open 2023 ilimrudisha kwenye uwanja mgumu, mashabiki wa kwao, kelele kama za chuoni lakini mara elfu. Raundi ya nne alikutana tena na Tommy Paul, na katika gemu moja akapiga sevu mbili za kasi ya maili 149 kwa saa, karibu kilomita 240. Safari hii Paul ndiye aliyeaga.

Robo fainali alikutana na Frances Tiafoe, na kuna dakika moja ya mechi hiyo ambayo kwangu inaeleza kila kitu. Kila mmoja ana seti moja, na seti ya tatu imeingia taibreki. Shelton ana nafasi ya kuimaliza seti kwa sevu yake mwenyewe. Anakosea sevu zote mbili. Pointi inayofuata anakosea tena zote mbili. Ghafla Tiafoe ndiye mwenye nafasi ya kuchukua seti, na uwanja mzima wa Arthur Ashe unaguna. Mchezaji mwingine hapo angerudisha mpira kwa uangalifu na kuomba mwenzake akosee. Shelton aliifuata sevu ya pili ya Tiafoe kwa forihendi ya nguvu zake zote, mpira ukapita hata haukuguswa. Akashinda taibreki 9-7, na seti ya nne akaimaliza 6-2. Huwezi kumfundisha mtu ujasiri huo kwa maneno. Umejengwa na pointi za kuamua gemu kwa 40-40, wiki baada ya wiki, huku wenzako wakikutazama.

Djokovic alimzuia kwenye nusu fainali kwa seti tatu, kisha akaiga ishara ya kukata simu ambayo Shelton alikuwa akiifanya akishinda. Oktoba Shelton akachukua Tokyo, taji lake la kwanza la ATP, na mwaka akaumaliza nafasi ya 17. Aprili 2024 akashinda Houston. Uwanja wa Houston ni wa udongo.

Nani anaweza kuifuata njia hii

Sehemu fulani za kisa hiki haziigiki. Waildikadi za Atlanta, Cincinnati na New York hutolewa na waandaaji wa Kimarekani, na kwa kawaida huwaangalia kwanza vijana wao. Baba aliyewahi kumtoa Stich Wimbledon hapatikani kwa kila mtoto.

Sehemu nyingine zinaigika, na tunaye wa kwetu aliyeshika njia hiyo ya vyuo. Angella Okutoyi wa Kenya, baada ya kushinda taji la wasichana la wawiliwawili Wimbledon mwaka 2022 pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, ambacho kinacheza ligi moja ya vyuo na Florida. Kulikuwa na waliosikitika wakiona kwamba anapunguza mwendo. Sikubaliani nao. Mchezaji wa Nairobi hana mashindano ya nyumbani ya kumlisha kama Charlottesville na Knoxville, kwa hiyo kwake yeye chuo kina thamani kuliko kilivyokuwa kwa Shelton: viwanja, wapinzani wa kila wiki na kocha, bila familia kuuza kitu.

Kanuni nazo zimesogea tangu wakati ule. Mwaka 2023 ATP na chama cha makocha wa tenisi ya vyuo, ITA, walianzisha mpango unaowapa wachezaji 20 bora wa vyuo nafasi za Challenger: kumi wa kwanza kwenye droo kuu, kumi wanaofuata kwenye mchujo. Mwanafunzi kutoka Lisbon, Lagos au Nairobi akiwa kumi bora wa vyuo anaingia kwa kiwango chake, bila kutegemea hisani ya mwandaaji. Machi 2024 Reese Brantmeier, mchezaji wa Chuo Kikuu cha North Carolina, aliishtaki NCAA kuhusu kanuni zilizokuwa zinawazuia wachezaji wa ridhaa kubaki na zawadi walizozitolea jasho. Nipo upande wake. Kijana aliyemfunga mtu wa tano duniani Agosti ile alistahili kuruhusiwa kuitia mfukoni zawadi yake yote na bado akarudi darasani Septemba kama angependa.